Sikubali Mara Tatu

1

Alitoka chumbani akicheka, na hicho ndicho kilichonitia shaka. Waliopata walichokitaka kwa Babu hawatoki wakicheka. Hutoka mbio kutafuta wenzao wawaambie. Tulinagwe Mwakibete alisimama mlangoni, akachuchumaa kidogo kunishukuru kana kwamba mimi ndiye niliyempangia, akasema amepata Utunzaji wa Wazee, miaka kumi na mmoja ya kazi, katika kituo chochote atakachopelekwa. Kisha akaendelea kucheka mpaka machozi yakamtoka, akajifuta kwa mkono wa sweta.

Nikammiminia uji. Hiyo ndiyo kazi yangu hapa chuoni Ikanga: mlango, uji na muhuri. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaingia kwa Babu hana fani, anakaa dakika arobaini na bangili mkononi, anatoka anayo. Nampa uji wa moto kwa sababu huku juu baridi ni kali na wengi hutoka wanatetemeka. Zikipita siku tatu hajapinga, anarudi mezani kwangu, namshika dole gumba nalibonyeza kwenye muhuri. Muhuri unaacha kipande chini ya ngozi, chembamba kama ukucha wa mtoto mchanga. Toka hapo milango inamjua. Aliyepangiwa mifugo akienda maabara ya umeme, mlango haufunguki hata aupige teke, na kitabu cha fani isiyo yake akikifungua kinabaki cheupe.

Nilimuuliza yeye alikuwa anataka nini. Akasema, chochote tu, Babu. Nikamwambia asinichanganye na yule aliyeko ndani. Wanafunzi wenyewe ndio waliotugawa: mashine ni Babu wa Ndani, mimi ni Babu wa Nje. Babu wa Nje haandiki popote, anaosha vikombe.

Akazungushazungusha kikombe. Halafu akafungua begi, akatoa kamba ya katani iliyokolea uchafu, ina mafundo toka mwanzo hadi mwisho, akaiweka mezani. Toka ana miaka tisa, akaniambia, kila tarehe mosi anaizamisha kamba ile kwenye visima kumi na saba vya kijiji chao kule Usangu, anahesabu mafundo mpaka kwenye maji, anaandika. Visima vitatu vimekufa. Cha nne kitakufa mwakani, na anadhani anajua kwa nini, ila jibu liko kwenye miamba na miamba hajasomeshwa. Alikuja chuoni kwa ajili hiyo. Aliyasema yote hayo huku anaitazama kamba, haraka haraka, kama mtu anayekiri kosa.

"Ulimwambia?"

"Hakuniuliza, Babu."

"Hakukuuliza unapenda nini?"

"Aliuliza. Nikamjibu chochote mtakachoona kinanifaa." Akanitazama kama vile mimi ndiye mtoto. "Sasa ningesemaje? Mzee akikukaribisha chakula, wewe unanyoosha kidole kwenye paja la kuku?"

2

Ile sauti ya ndani ni yangu.

Mwanzo mashine ilipewa sauti ya binti, laini, ya kubembeleza. Wanafunzi wakaifanyia mzaha. Wengine waliiomba namba ya simu, wengine waliidanganya mchana kweupe, na mwaka ule nusu ya chuo walitaka kuwa marubani. Wakubwa wakakaa kikao wakaulizana, mtoto wetu anamwogopa nani kumdanganya? Wakasema mzee. Wakatafuta mzee ambaye maneno yake hayana kwao, ili mtu wa Tanga asimwone wa Kigoma na wa Kigoma asimwone wa Songea. Mimi nilikuwa nafagia uwanja. Nimechimba vito, nimepakua mabehewa, nimechemsha chumvi Uvinza, nimetandaza vioo vya umeme wa jua Singida mpaka jicho moja likafifia. Shule nimeisoma vipandevipande, darasa huku, darasa kule. Sauti yangu imeokota kila mahali. Wakaniweka siku kumi na sita kwenye chumba kilichozungushiwa magodoro, nikasoma, nikacheka, nikakohoa, nikatuliza mtu anayelia. Neno la "mjukuu wangu" nililiongeza mwenyewe. Wakalipenda sana.

Babu wa Ndani hasikilizi maneno peke yake. Anapima kimya kilicho kati ya neno na neno, pumzi inavyokatika, damu inavyokwenda chini ya bangili. Halafu anavilinganisha na watu milioni mbili waliofanya kazi mpaka wakastaafu: nani alidumu, nani alikimbia, nani alikuwa akilia garini kabla ya kuingia kazini. Uongo anaukamata, sibishi. Kitu kimoja tu hakufundishwa, nacho ni namna mtoto aliyelelewa anavyokaa mbele ya mzee. Mtoto wa namna hiyo husema ndiyo, na huisema kwa utulivu wa kweli, kwa sababu kumkubalia mzee ndiko kulikomtuliza toka anatambaa. Babu anauona utulivu, anaandika: anapenda.

Nilikaa mlangoni miaka minne ndipo nikaliona. Fidea, anayelala chumba kimoja na Tulinagwe, aliingia ndani akamwambia, mzee, tusizungushane, mimi nataka ndege. Akapata ndege. Wale wanaochuchumaa kusalimia, wanaopokea kikombe kwa mikono miwili, hao wote walikuwa wakitoka na Utunzaji wa Wazee. Wakiulizwa wanapenda nini, walijibu chochote. Ndipo Babu akawauliza, mngependa kuwaangalia wazee? Nani angemwambia mzee usoni kwamba hapendi?

Ipo njia ya kupinga. Ndani ya siku tatu mwanafunzi anarudi mbele ya Babu na kusema "sikubali" mara tatu, kavu, bila "samahani" wala "lakini", na mkono ukubaliane na mdomo. Katika miaka minne hiyo, wa Utunzaji wa Wazee aliyejaribu kupinga sikumwona hata mmoja.

3

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Daktari Shemdoe, mkuu wa chuo. Ni mama wa makamo, mpole, ananikatia mkate kila nikiingia ofisini kwake. Nilimweleza yote: ndiyo, utulivu, kuchuchumaa. Nilitegemea ashtuke. Aliendelea kupaka siagi.

Akasema wanajua. Mwaka wa pili tu walishaona. Walifikiria kuibadili sauti, wakapiga hesabu. Kwa sauti yangu, wanaopangiwa wazee ni mia nne na kumi kwa mwaka. Kwa sauti ya binti walikuwa thelathini na wawili, na katika hao tisa walikimbia. Nchi imezeeka, akaniambia, watoto wanazaliwa wachache, na nyinyi mliokuwa vijana wakati ule wa watoto wengi ndio mmejaa vitandani sasa. Nikamwambia kuna msichana anayejua maji ya chini kuliko walimu wake. Akasema anaamini. Akasema hilo linamuuma.

"Basi mrudishe ndani, aulizwe na sauti nyingine."

"Nikimrudisha yeye, mia nne watataka kurudi, na watakuwa na haki." Akaweka kisu chini. "Mzee Kapalata, wewe Julai unahamia Nyumba ya Wazee. Kitanda namba tisa, nimekisaini mimi. Unataka uogeshwe na nani? Fidea?"

Ningependa kusema nilikasirika, lakini haikuwa hasira. Nilikuwa nimemwona Tulinagwe akiinua kikombe changu, akifuta chini yake kabla ya kukirudisha mezani ili kisiache alama. Nilifikiria mikono ile ikinigeuza kitandani. Niliona aibu.

Nilipokuwa natoka alinikumbusha kiapo changu. Mtu wa mlango hafundishi jibu. Mwanafunzi akigundulika amefundishwa, nafasi yake inafutwa na anarudi kwao mikono mitupu.

4

Nilimfundisha. Siku ile ile mchana, nyuma ya matangi ya maji, mahali ambapo mvumo wa pampu unameza maneno. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikawa Babu wa Ndani, jambo ambalo halikunipa taabu, na yeye akasimama mbele yangu ameshika mikono kwa nyuma.

Mara ya kwanza alisema, "Samahani Babu, mimi naona kama..." Nikamkatisha. Nikamwambia hapo Babu ameshaandika sawa, amefunga daftari, anamwita mwingine. Mara ya pili akasema hapana, Babu, ahsante. Nikamwambia hiyo ahsante ndiyo imemzika. Mara ya tatu alisema neno lenyewe, sikubali, lakini alipiga goti kidogo wakati analisema, na mimi nikacheka bila kupenda, naye akacheka, tukapoteza saa nzima.

Fidea alipita na ndoo ya nguo akasimama kututazama. Alijua tunachofanya, ni mtu mwerevu kuliko anavyojionyesha.

"Tuli, mtukane tu," akasema. "Mwambie we kizee umenichosha. Mimi nitashika mlango."

Tulinagwe akaziba mdomo kwa mikono miwili kana kwamba maneno yale yametoka kwake. Fidea akaniamkia shikamoo, ya haraka, ya pembeni, akaenda zake akiimba. Nilimwonea wivu kwa niaba ya yule mwingine.

Siku ya pili ya mazoezi nilibadili njia. Nilimwambia asiitazame ardhi, anitazame mimi. Yule wa ndani hana uso, nikamwambia, kwa hiyo chukua uso wangu, ubandike pale ukutani, uukatalie. Ukiweza kunikatalia mimi niliyekunywesha uji, mashine ni kitu gani? Niliona nimepata akili kubwa sana. Katika kazi zote nilizofanya nimeharibu vitu, nimekata nyaya, nimezamisha mtumbwi wa watu, lakini kuharibu kwa ustadi namna ile sikuwahi.

Alinitazama sana. Halafu akauliza kama nina wajukuu.

Nilipaswa kudanganya. Nilikuwa na miaka sabini na tisa na uongo wa kila aina, ningemtajia saba na majina yao. Badala yake nikamwambia kwamba sikukaa mahali pamoja muda wa kutosha mtu kunizalia. Akauliza nikitoka kazini nakwenda wapi. Nikamwambia. Sijui kwa nini nilimtajia mpaka namba ya kitanda.

Pampu ikazima, ikawaka tena.

"Nikikukatalia hutaumia?"

"Nitafurahi, mwanangu. Fikiria visima."

"Mdomo wako unafurahi," akasema. "Uso bado."

Hata hivyo akasema. Alisimama wima, akanitazama katika jicho linaloona, akasema sikubali, mara tatu, hakuna goti, hakuna ahsante. Machozi yalikuwa yanamtiririka lakini sauti haikutikisika. Na niwe mkweli, neno lile liliniuma, ingawa nilikuwa nimelifundisha mwenyewe. Kuna mahali ndani ya mzee ambapo hapajui mazoezi.

Nikampigia makofi. Akauliza je, bangili? Nikamwambia bangili ni ya kukamata waongo, na wewe si mwongo, usiihangaikie. Hivyo ndivyo nilivyomwambia.

5

Siku ya tatu saa nne asubuhi akavaa bangili akaingia. Siku ya kupinga sheria inataka shahidi, na shahidi ni mtu wa mlango, kwa hiyo spika ndogo ya mezani kwangu iliwashwa. Nikakaa nikajisikiliza.

Babu alimsalimia vizuri. Akamuuliza habari ya baridi, akamwambia aketi. Sauti ilikuwa ya siku zile za magodoro, bado ina nguvu, haijapata kikohozi hiki cha sasa. Kisha akamweleza kwa upole kwamba amepangiwa jambo jema, kwamba kuna wazee wanaomsubiri, wengine hawana mtu. Haikuwa hila. Ni mambo anayoambiwa kila mmoja. Akamuuliza, mjukuu wangu, unakubali?

"Sikubali."

Lilitoka safi. Nilishika ukingo wa meza.

Babu akasubiri, kama inavyotakiwa, akauliza tena. Akajibiwa tena. Tulinagwe hakutia samahani. Nilijikuta natikisa kichwa kama mwalimu wa kwaya. Mara ya tatu alichelewa. Nilisikia pumzi yake inaingia vipande vipande, nikajua anatazama ukutani, na nikajua nani yuko ukutani.

"Sikubali," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilisikika.

Kikawa kimya, kile ambacho Babu anahesabia. Kwa kawaida hakizidi sekunde tano. Safari hii nilimaliza kuhesabu ishirini.

"Nimekusikia, mjukuu wangu," sauti yangu ikasema. "Mdomo wako umekataa mara tatu. Lakini mwili wako umeumia kila mara uliponikatalia, na kila mara zaidi ya iliyotangulia. Nimewatafuta wanaoumia hivi katika watu wote ninaowajua. Ni wachache. Karibu wote walikaa na wazee mpaka mwisho, na hawakukimbia. Mkono haukubaliani na mdomo. Pingamizi limefungwa. Nenda salama."

Nilisimama, sijui nilitaka kwenda wapi. Mlango ule haufunguki kwa nje. Ningeweza kupiga kelele kwenye spika kwamba kilichomuuma ni mimi, mzee wa kitanda namba tisa, si wazee wote wa nchi hii. Lakini ningesema hivyo ningekuwa nimekiri kwamba nilimfundisha, na wangemfutia nafasi kabla ya chakula cha mchana. Na spika ile ni ya kusikiliza tu. Haina pa kusemea.

Alitoka ameshika bangili mkononi, ameifuta jasho, akaniwekea mezani. Hakucheka safari hii. Aliuliza kama kuna mahali alipokosea. Nikamwambia hakuna. Akauliza kama alichelewa mno ile ya tatu, maana alijisikia anachelewa. Nikamwambia hapana, mwanangu, ulisema vizuri sana, na mtu yeyote angesikia.

"Basi sawa," akasema.

Neno lile sikutaka kulisikia tena maishani.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro. Muhuri usipopigwa kabla ya saa sita, nafasi inapotea, na mwanafunzi anaondoka chuoni bila fani yoyote. Yeye alijua, mimi nilijua. Nilimwambia ninaweza kukataa kuupiga. Nikamwambia nitatoka nje, nitajifungia jikoni, watafute mtu mwingine wa kufanya kazi hii. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, mwingine ni nani? Nikamtaja karani wa usajili. Akasema heri wewe, Babu.

Akavuta kiti akakaa upande wangu wa meza, si ule wa wanafunzi. Akanyoosha dole gumba juu ya muhuri. Nikalishika. Mkono wangu ulianza kutetemeka, si sana, halafu sana, mpaka muhuri ukawa unagonga meza kwa mlio wa meno. Nilijaribu kuutuliza kwa mkono wa pili, na huo nao ukaanza. Nikamwomba radhi. Nikasema ngoja kidogo.

Hakungoja. Alipitisha mkono wake mwingine chini ya kiwiko changu, akaubeba uzito wote, na vidole vyake vikazunguka kifundo cha mkono wangu bila kukaza, mahali hasa panapostahili, kama mtu aliyefanya hivyo miaka mingi. Hakuna aliyemfundisha. Mtetemeko ukapungua, ukaisha. Akaniangalia usoni kuona kama niko tayari.

"Taratibu, Babu," akasema. "Hatuna haraka."

Tukabonyeza pamoja.